Maneno Yenye S, T na R

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na shemeji anaendelea vizuri na dawa zake. Mimi mwili mzima, roho ndiyo haitulii.

Kazi nimepata: mapokezi ya hoteli, ghorofa nne, wageni wengi wa nje. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei. Usaili nilivuka kwa sababu meneja, mama mmoja mchangamfu, aliongea peke yake. Kumbe simu zote hapa hupokelewa kwa Kiingereza, na wewe unanijua. Kwa Kiswahili kigugumizi changu nimekizoea. Neno likigoma nazungukia mlango wa nyuma, na karibu kila herufi ina irabu ya kukalia. Lakini Kiingereza hupanga S, T na R mstari mmoja bila hata kigoda katikati! Jana mgeni kaniuliza benki iko wapi. Nilitaka kumwambia "straight". Nikabaki natoa "sss" kama tairi lililotoboka, mpaka akanishukuru na kuondoka kuelekea upande usio na benki.

Wewe unasahihisha vitabu kiwanda cha uchapaji, kamusi kubwa iko kiwikoni pako. Nakuomba unitafutie maneno ya Kiingereza yenye herufi hizo tatu zikifuatana, mwanzoni, katikati, popote. Nikiyajua nitayakwepa. Fanya haraka, dada. Hapa nakaa nikiinuka.

Ni mimi, Kitinda wenu.


15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mgongo unauma wakati wa kuinuka tu. Shemeji yako anakusalimu, anasema kama uko mapokezi basi upokee na zawadi umletee.

Nimepekua kamusi saa za chakula mpaka mchapaji akaniuliza kama nasomea uwakili. Yanayoanza na herufi zako ni tele: street, strong, string, strike, stranger. Hayo yanakuja mbele ya macho yako. Yanayovizia ni ya katikati: district, instruction, pastry, Australia, ostrich. Na la kwako kabisa, registration, maana najua kila mgeni unampa kadi ya kujaza. Hata restroom limo, limejibanza pale maneno mawili yalipoungana. Badala ya street sema road. Restroom sema toilet, hakuna atakayezimia. Kadi sema "this card" huku unaisogeza kwa kidole. Ostrich ni mbuni, sidhani atakuja kupanga chumba.

Lakini mdogo wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa nini usimwambie huyo meneja?

Dada yako.


27 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hali zenu? Mimi nasukuma siku.

Maneno yako yamenibeba! Ila umeacha moja, "extra". Kwenye maandishi halina S, lakini mdomoni imo, imejificha ndani ya X, na hoteli hii kila mtu anataka mto wa ziada. Nawaambia "one more", mambo yanakwenda.

Sasa jipu limeota mahali pabaya. Amehamia mhandisi wa mabomba ya maji, atakaa miezi. Jina lake la ukoo linaanza na herufi zilezile tatu, na meneja anataka kila mgeni aitwe kwa jina lake. Neno lina kisawe, jina la mtu halina. Kila asubuhi ananipigia kuulizia gari la kumpeleka kazini, nami namwita "sir" tu, meneja akinikata jicho. Nikipata mapumziko nakwenda chumba cha kufulia. Mashine zikinguruma nalisema jina lile peke yangu, linatoka kama maji. Nikirudi kaunta linanasa. Usingizi siupati, chakula nakula nimesimama.

Kumwambia meneja? Dada, majaribio hayajaisha. Nitafutie mengine ambayo hizo herufi zimetanguliwa na irabu, kama lile la kadi. Nimegundua hayo hutoka kwa urahisi kidogo. Labda yatanifundisha njia.

Kitinda.


2 Mei

Mdogo wangu,

U hali gani? Maneno nilikutumia wiki ileile, kimya. Nikatuma barua nyingine, kimya. Nikasema huyu kapatwa na nini?

Ijumaa nikapiga simu hotelini. Akapokea meneja mwenyewe, sauti ya upole. Akasema u mzima, umepeleka mizigo ya mgeni juu. Basi nikaona bahati imejileta, nikamweleza. Kwamba tangu utoto maneno hukukwama, kwamba una akili na bidii, ila simu zinakutesa. Alinishukuru sana.

Najua utanuna. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nakuombea hata chumvi kwa jirani. Ningeachaje?

Dada yako akupendaye.


12 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Sikuandika kwa sababu nilikuwa napambana na lile jina, na nilikuwa nimekaribia.

Jumatatu nimeitwa ofisini. "Dada yako amenieleza," meneja akaniambia, polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba masikio nayo yana kigugumizi. "Tutakuhamishia stoo ya mashuka. Huko utatulia." Wenzangu sasa wananisalimia kwa kunipungia mkono, eti nisipate taabu ya kujibu.

Mimi si bubu. Nilikuomba maneno, sikukuomba unisemee. Usinitumie tena hata moja.

Mdogo wako.


30 Julai

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku salama.

Nimeandika barua nikazichana. Kila nikizisoma naona namalizia sentensi zako hata kwenye karatasi. Kazi yangu ni kusahihisha makosa ya watu, nikakuweka na wewe kwenye lundo. Nisamehe.

Shemeji yako kila jioni anauliza kama kuna barua yake. Hana anayemwandikia, ananiulizia mimi.

Sitakutumia neno. Nangoja lako, hata likichelewa.

Dada.


9 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya shemeji. Mgongo je? Moyo wangu ulikusamehe zamani, mkono ndio ulikuwa mzito.

Stoo ni mashuka na mimi. Mwezi uliopita nikachoka, nikapanda ofisini bila kuitwa. Nikamwambia meneja, "Nataka kurudi mapokezi." Sentensi hiyo tu, chai yake ikapoa. Mara mbili alifungua kinywa kunimalizia, mara mbili nikainua kiganja.

"Na simu?" akaniuliza.

"Na simu."

"Wageni hawana subira."

"Wengine wanayo. Tuwajaribu."

Akacheka, akanipa Jumapili na Jumatatu, siku za wageni wachache.

Jumatatu ya kwanza mhandisi akapiga, namba ya chumba chake nikaiona. Nikalianza jina lake, likagoma. Akakata. Akapiga tena, likagoma, akakata. Mara nikasikia viatu vyake ngazini. Meneja naye kasimama mlangoni, anatazama.

"Simu yenu imekufa," mhandisi akasema.

Ningeweza kuitikia, dada. Simu ingebeba lawama, mambo yakaisha. Nikamwambia, "Simu ni nzima. Ni mimi. Nina kigugumizi, na jina lako ni gumu kwangu." Kisha nikalisema lote, S yake ndefu kama reli. Alingoja. Hata saa hakuitazama.

Nilipofika mwisho akasema, "Mke wangu mwenyewe alilikataa, amebaki na la baba yake."

Gari lake lilikuwa limeshaondoka. Alilalamika kwa meneja kuhusu gari, si kuhusu mimi.

Sijapona. Wiki iliyopita mgeni mmoja aliomba ahudumiwe na mwingine, niliumia, nikampisha. Meneja hajaniongezea siku. Lakini hizo mbili ni zangu, na bado natembeatembea nyuma ya kaunta kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili hii, wageni wakishatoka kutembea, nitakupigia. Tangu nihame nyumbani sijawahi. Ukipokea usikie kimya, usiseme halo halo, usikate, na usinimalizie. Kimya hicho ni mimi, nakuja.

Kitinda wako.