Kete Iliyobaki Kwangu

Shikamoo Bibi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Umeuliza mbona nimeacha kwenda mtaa wa Observatory kucheza na wale wazee. Sisi hatujambo, Mama bado anashona, baridi imeanza. Ila mimi niliiba kete, Bibi.

Mchezo wao unaitwa mah jongg, wa Kichina, wa kete zilizochorwa. Kila mtu anashika kete kumi na tatu, anayeanza kumi na nne, kisha mnapeana tatu tatu. Mimi kwa makosa nilimpa Bi Naomi, mteja wa Mama, mbili tu. Hesabu ikikosewa, unasema kabla kete ya kwanza haijatupwa, mnachanganya upya, yameisha. Ikishatupwa, mwenye hesabu mbovu anakaa kando.

Nilitaka kusema. Lakini walikuwa wanazungumza, na nimelelewa nisikatize wakubwa, nikangoja wamalize. Kete ikatupwa. Ile ya ziada nikaificha mfukoni.

Bi Naomi akahesabu mara mbili. "Nina kumi na mbili."

"Eish, Naomi, tena?" rafiki yake akamtania. "Kesho utasahau na jina lako."

Yeye hakucheka. Siku hizi hachezi, anawachemshia chai tu. Anaamini akili zimeanza kumtoka, na hata kete iliyopotea anadhani kaipoteza yeye.

Ningesema wakati ule, yangekuwa makosa ya hesabu tu.

Nasikia ndara za Mama zinakuja. Kila akija, mimi huwa naifunika barua hii kwa daftari. Leo naiacha wazi, na kete juu yake.

Mjukuu wako,
Zuhura