Maelezo Kuhusu Katembo na Mvinyo Wetu wa Pinotage

Jina: Rosalba Akullo
Umri: Miaka 43
Kazi: Mkulima wa zabibu na mtengenezaji wa mvinyo
Makazi: Kisugu, Kampala

Naeleza kwa hiari yangu, bila kulazimishwa na mtu.

Shamba letu liko milimani Kigezi, juu ya Kabale. Mwaka 1966 mimi na mwenzangu wa kazi, Katembo, mzaliwa wa Kasese, tulipanda huko mizabibu ya Pinotage tuliyoachiwa na padri mmoja. Watu walicheka, wakasema baridi itaiua. Haikufa. Zabibu hii huiva mapema, na baridi ya milimani huifanya isiwe tamu kupita kiasi. Adui yake ni mvua, maana huozesha vishada. Katembo alipunguza majani kwa vidole, mzabibu mmoja mmoja, ili upepo upite. Miaka mingi tulipata siki. Mvinyo wa mwaka jana ndio wa kwanza ambao hatukuuonea haya.

Mnamo tarehe 17 Juni 1975, saa nne asubuhi, tulikuwa nyumbani kwangu Kisugu tukipanga chupa za kupeleka makanisani. Gari aina ya Peugeot lisilo na namba likasimama mlangoni. Walishuka askari wa jeshi watatu na raia mmoja mwenye shati la maua. Sajenti akafungua chupa, akanywa, akasema ni nzuri. Yule raia akasoma karatasi ya chupa.

"Pinotage ni ya Makaburu," akasema. "Hawa wanafanya biashara na Afrika Kusini."

Jina lile nililiandika mimi, kwa mkono wangu.

Katembo akasema, "Afande, mbegu ilitoka kule, ni kweli. Lakini hii imeota hapa kwetu. Twende nikuonyeshe shamba."

Sajenti akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Nikamwambia, "Kama ni mvinyo wa adui, mbona unakunywa?" Akanipiga kofi, nikaanguka. Walimfunga Katembo mikono, wakamtupa ndani ya buti ya gari. Chupa waliziweka juu ya kiti, taratibu, zisivunjike.

Nilifika kituo hiki cha polisi siku hiyo hiyo, saa saba mchana. Niliambiwa nirudi kesho. Nimerudi mara tano.

Tarehe 23 Juni niliitwa Kisenyi na Kamis, fundi anayetengeneza pikapu yetu. Alinieleza kwamba askari wawili walimletea chupa zetu, wakitaka kubadilishana kwa tairi. Mmoja alikuwa amevaa koti la sufu la Katembo. Kamis alilitambua kwa kiraka cha kiwiko. Kiraka hicho nilikishona mimi.

Leo asubuhi mkubwa mmoja wa hapa ameniambia niseme Katembo ametorokea Zaire. Sisemi. Mtu aliyefungwa mikono ndani ya buti anatorokaje? Mavuno ni wiki ijayo. Mkewe ananisubiri shambani, na mimi sina la kumwambia. Ninyi mnalo, lakini mnaniambia nirudi kesho.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa, na sipunguzi neno.

Sahihi: R. Akullo
25 Juni 1975

Kumbukumbu ya afisa: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Ogwal, kwa Kiswahili, na kumsomea shahidi. Niliagizwa nibadilishe "askari wa jeshi" niandike "watu wasiojulikana". Sikubadilisha. Nakala ya pili ameondoka nayo shahidi.