Mama Modesta, Msiba Wako Haukuua Mtu

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuzika bila chungu jikoni, bila tanga, bila mtoto wako hata mmoja kulishika jeneza lako. Februari imerudi na mvua zake, nasi tumekaa tukiulizana tuanzie wapi. Basi tuanzie pale ambapo wewe mwenyewe ungeanzia: umenawa?

Ndivyo ulivyowapokea watu wote. Mgeni kaja na kuku wake kwapani, mkwe kaja kuposa, kabla ya karibu ni umenawa. Mwanao Erasto alipomleta mchumba wake kutoka Magomeni, ulimtazama kucha kwanza, uso baadaye, binti wa watu akadhani hukumpenda. Ulikuwa mkali, Mama. Tusidanganyane kwa kuwa umekufa.

Ulikuja huku mdomoni mwa Ruvuma ukiwa bado msichana, umetoka kwenu Songea na sare yako nyeupe na jiko la mafuta ya taa. Hakuna muuguzi aliyewahi kulala katika vijiji hivi kabla yako. Mgonjwa alibebwa kwa machela kupelekwa mjini, na wengi walifia njiani. Wewe ulikaa. Wakunga hukuwafukuza, uliwakalisha, ukachemsha wembe wa kukatia kitovu mbele ya macho yao, ukawaachia wembe. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kila mtu akinung'unika kwa mikorosho aliyoiacha nyuma, wewe ulikuwa ukipima mahali pa vyoo hata nyumba hazijaezekwa. Ukachagua wanawake wa kuwafunza uuguzi katika kila kijiji, wa kwanza wao Bi Somoe. Ulisema wauguzi wa serikali hawatatosha, kwa hiyo mgonjwa atauguzwa na jirani anayejua anachofanya. Leo mambo hayo yanaonekana ya kawaida tu.

Kitu kimoja kilikushinda, nacho ni beseni. Wewe unajua, lakini tuseme kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Huku kwetu, kwenye karamu na kwenye msiba, beseni moja la kunawia lilizunguka kwa watu wote. Wazee wananawa kwanza, kisha vijana, maji ni yale yale, yakifika mwisho yamekuwa kama tope. Kukataa beseni alilonawia mkubwa ilikuwa ni kumtukana. Ulitaka maji yamiminwe kwa kopo, kila mtu na yake. Watu walikuitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, ukigeuka tu beseni linaendelea na safari yake.

Kisha kipindupindu kikaingia. Wa kwanza kufa alikuwa Mzee Abdallah, mwenyekiti wetu wa kijiji, aliyekupa kiwanja cha zahanati wakati wengine wanakuita mtu wa kuja. Ulikwenda msibani na kopo lako mkononi. Mjane wake, Bi Mwajuma, akakushika mkono, akakuomba uwaachie siku hiyo moja wamzike mzee wao kwa adabu. Ukamtazama. Ukaliweka kopo chini. Beseni likazunguka, na mumeo, baba yetu Mwalimu Josephu, akaitumbukiza mikono yake baada ya ndugu wa marehemu, kwa sababu naye alimpenda yule mzee.

Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Hawakukiona kipindupindu cha mwaka ule. Bi Mwajuma alikufa hata tanga la mumewe halijaanuliwa. Nyumba za jirani zikafuata, kisha baba. Chupa za maji ya mshipani zilikuwa zimekwisha, na gari la kuleta nyingine lilikuwa limekwama kwenye tope. Ulimnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mpaka alipoacha kumeza. Kisha ukamgeukia Rozalia, kitinda mimba wako, aliyejifunza kazi chini yako, ukamwambia maneno ambayo hayajamtoka masikioni.

"Niliuonea haya msiba, mwanangu. Msiba haukunionea haya."

Tangu hapo ulikuwa mwamba. Aliyekufa kwa kipindupindu aliogeshwa na Bi Somoe na wenzake tu, kwa dawa, akazikwa upesi. Hakuna kupika, hakuna beseni, pole unaitoa umesimama mbali. Watu walikuchukia, Mama. Walisema unawafundisha kutupa wafu wao. Ulimzika baba hivyo hivyo, ili mtu asije akasema sheria yako ina mlango wa nyuma.

Ugonjwa ulikuwa umeanza kurudi nyuma ulipokushika wewe. Rozalia alijua kabla hujasema, kwa kuona macho yako yalivyoingia ndani. Ulimwonya kuwa watu watakuja wengi na watakuja na vyakula, kwa sababu mtu mkali hupendwa akishakufa. Ukacheka kidogo. Kisha hukucheka tena.

"Msiba wangu usiue mtu. Na wewe usinionee haya."

Watu wakaja kweli. Walitoka hadi upande wa Mnazi Bay, na magunia ya mchele, na mbuzi, na mabeseni yao. Kila mtoto uliyempokea kutoka tumboni alitaka kukubeba. Rozalia alifunga kamba ya katani kukatiza njia ya kuingia nyumbani, akasimama mbele yake, akawarudisha na mchele wao. Hakulia. Wengine walimwambia ana roho ya jiwe, naye akawajibu kwa kuwaelekeza lilipo kopo la kunawia.

Halafu akafika mama mdogo Anna, mdogo wako pekee, ametoka Songea, hajala, nguo zimejaa vumbi la basi. Alifungua mikono yake ili amkumbatie mtoto wa dada yake. Rozalia alirudi nyuma. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imekuuguza, na hakuiamini. Mama mdogo alibaki amesimama na mikono imefunguka vile, mbele ya kadamnasi, wakati jeneza linapita mbali.

"Umemzika dada yangu kama mtu asiye na kwao," alisema. Akageuka, akaenda kulala mjini, Chikongola, kwa watu baki, na mwaka mzima hakupokea salamu ya Rozalia.

Hilo ndilo lililomkondesha mwanao, Mama, si kazi ya zahanati. Alikuwa akiamka na kujiuliza kama amekutii au amekudhalilisha. Tulisubiri wote kwa hofu tuone nani ataanza kuhara baada ya mazishi yako. Hakuanza mtu. Wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho kufa kwa kipindupindu katika kijiji hiki.

Juzi mama mdogo Anna ameshuka kwenye basi bila taarifa. Rozalia alimpeleka kaburini, na wakati wa kurudi wakapumzika karibu na kisima. Mama mdogo akauliza ni akina nani waliokuwa kwenye ile kamba siku ile. Rozalia akaanza kumwonyesha: yule mwenye ndoo, yule mwenye mtoto mgongoni, yule mzee anayegombana na mbuzi wake, wale wanaocheka. Mama mdogo aliwatazama mmoja mmoja, wote wazima, mpaka machozi yakamshinda. Kisha akauliza kopo lako liko wapi.

Jumamosi hii, baada ya misa, tunakupikia, Mama. Wali upo, samaki wa nazi yupo, na jirani zetu Waislamu wamesema watasoma dua yao uani. Waje wote tuliowarudisha. Mama mdogo Anna atakaa mlangoni yeye mwenyewe, na hapiti mtu kabla hajammiminia.

Unakumbukwa na watoto wako Erasto wa bandarini, Andrea aliyeko vitani Kagera, na Rozalia. Na mdogo wako Anna. Na wajukuu wako. Na Bi Somoe, anayeshika sasa ufunguo wa zahanati, pamoja na wauguzi wa vijiji vyote uliowafunza.

Tutakukumbuka kila tunaponawa.