Mauntingi za Gari la Mzee wa Champlin

Jumatatu, 3 Februari

Mtoto wa fundi unakata bamba kwa kukisia? Huna haya. Nimemwambia Salim hivyo hivyo, mbele ya bintiye. Mwanangu ana miaka arubaini na mbili. Nikachukua katoni ya tende, nikakata kigezo kwa mkasi wangu wa nguo. Kikakaa kwenye fremu mara ya kwanza. Hakusema ahsante.

Gari ni la mzee mmoja wa Champlin, mji wa jirani huku ughaibuni. La zamani, milango miwili, injini kubwa kupita haja. Mashikio ya springi yameliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Mzee ametaka springi za kisasa, na mauntingi zake, mashikio mapya ya kuzibeba, haziuzwi popote. Lazima ziundwe, nne. Salim akitoka kazini Plymouth anaingia gereji, hapa nyuma ya nyumba. Mimi nakaa kitini, makoti mawili.

Marehemu mume wangu alichomelea vyuma Mombasa miaka thelathini. Mimi ndiye niliyemshikia vyuma. Shule niliacha darasa la tatu. Chuma nakijua.

Jumatano, 5 Februari

Baridi mbaya. Vidole vyangu vimenata kwenye kufuli. Bamba zimeota barafu nyeupe.

Nasra, mjukuu wangu, kasoma karatasi iliyokuja na rodi za kuchomelea. Kaifasiri kwa Kiswahili chake cha kuokota. Chuma kikiwa baridi kipashwe moto kwanza. Salim akashika tochi ya gesi. Nikamzuia.

"Baba yako hakupasha chuma kama chapati. Choma."

Akanitazama. Akaweka gesi chini. Akachoma. Mshono ukalala vizuri, kama ukili wa mkeka. Nimeridhika.

Jumamosi, 8 Februari

Zote nne zimekwisha. Rangi nyeusi juu. Zimefungwa.

Mzee kaja kutazama, na mkewe. Mama yule anatembea kwa fimbo, pumzi fupi. Nasra kanieleza: walioana gari hilo likiwa jipya. Mvua ikishaosha chumvi barabarani, mzee atampakia mkewe wafuate mto kama zamani. Daktari hakuwapa miaka mingi ya kungoja. Trela itakuja kulichukua gari Jumamosi ijayo.

Nilimpa mama mahamri. Kala mawili.

Jumatatu, 10 Februari

Nilikwenda gereji kumwita Salim chakula. Hayupo, yuko dukani. Upawa wa chuma mkononi. Nikainama, nikazigonga mauntingi, kama ninavyogonga chungu sokoni kabla sijakinunua. Ya kwanza ikalia kama kengele. Ya pili ikalia. Ya tatu, du. Chungu kibovu. Ya nne vilevile.

Rangi haionyeshi kitu. Nikarudi jikoni. Sikumwambia mtu.

Jumanne, 11 Februari

Nimeosha upawa mara mbili.

Mombasa vyuma vilikaa juani tangu asubuhi. Ikifika saa sita huvishiki bila kitambaa. Jua ndilo lililokuwa likimpashia marehemu, na sisi hatukujua kuwa ile nayo ni kazi. Hapa jua ni la kutazama tu, na chuma baridi kikichomwa hupasuka.

Salim alitaka kupasha. Nilimkataza mimi. Kosa langu. Silipendi.

Jumatano, 12 Februari

Nimemwambia. Aliporudi kutoka kazini nilimpa upawa, nikamwamuru agonge mwenyewe. Akasema ni rangi tu. Nikasema rangi haina ugonjwa huo. Akawasha grainda, akaisugua ya tatu. Ufa mwembamba kama unywele, kando ya mshono. Ya nne, ufa.

Akakaa juu ya ndoo. Nilingoja anitupie lawama. Nilistahili kutupiwa.

"Ilinipasa kukataa, Mama. Fundi ni mimi."

"Ungekataa ningekupiga upawa."

Akacheka kidogo. Kisha akampigia mzee simu, akamweleza ukweli wote, hata habari ya nyufa. Nilidhani atalichukua gari lake kwa fundi mwingine. Mzee akasema barabara bado zina chumvi, atangoja, na mkewe anaulizia mahamri.

Salim katoa sauti ya simu nje ili nisikie, akawa ananifasiria. Sikutazama mtu.

Ijumaa, 14 Februari

Tumegombana. Salim kakata zile mbili zenye nyufa. Zile nzima anataka ziachwe. Zinalia vizuri, anasema, na kuzikata ni kuharibu kazi njema. Nikasema zikatwe zote, nikamwita mvivu. Akaniita mkaidi. Nasra kaondoka, kafunga mlango wa jikoni.

Nimezigonga tena peke yangu. Kweli zinalia.

Jumamosi, 15 Februari

Theluji tangu asubuhi. Trela haikuja, hakuna anayeingojea. Gereji kimya. Gari limekaa juu ya jeki.

Nimekaa nalo kidogo. Nimetazama kiti cha abiria, upande wa kulia, atakapokaa yule mama na fimbo yake. Chini yake iko moja ya zile zinazolia. Ilichomwa siku ileile, kwa baridi ileile, kwa ulimi wangu uleule. Leo inalia. Mwezi wa nne, barabarani, nani ataigonga?

Kigezo cha katoni bado kizima. Nimekiweka juu ya meza ya kazi.

Kesho Salim azikate na hizo mbili. Akate bamba mpya nne. Azipashe mpaka tone la maji liruke juu yake, ndipo achome. Gesi nitashika mimi.