Manjano Usoni mwa Mwanaidi

Bagamoyo, Jumanne, Mfunguo Sita 1303 Hijria

Laiti angekuja siku ileile. Mwanaidi alipigwa na mumewe Alhamisi, akakimbilia kwa mama yake. Mama akaona haya kumleta kwa kadhi na uso uliovimba, akamkanda kwa manjano siku nne.

Leo kadhi alitaka kuona alama, au mashahidi wawili wanaume. Uso ulikuwa umepona. Wanaume wa jirani walisema hawakusikia kitu.

Mume akacheka. "Mkwe wangu kanitunzia mke."

Kadhi akaamuru arudi naye.

Mlangoni mama akanishika kanzu. "Karani, mwanangu, ningemwacha mtoto avimbe?"

Nilirudi kwenye daftari. Niliandika hana alama, na ni kweli. Nachelea kwamba atakapokuwa nazo hataweza kuja.