Mafuta ya Kasa Sokoni Navakholo

Jumanne

Leo tulienda sokoni Navakholo, mimi na akina mama wanne wa chama chetu, kumwambia yule mchuuzi wa dawa aache kuuza mafuta ya kasa. Wiki nzima nimekuwa nikiwaeleza watu kwamba kasa, yule kobe mkubwa wa baharini, anakaribia kwisha, na kwamba mafuta yake hayaponyi pumu.

Mchuuzi hakubishana. Alicheka tu, akanyoosha kidole. "Mwalimu, anza na mama mkwe wako. Jana alinunua chupa kwangu."

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale na kikapu chake cha mboga. Nikamuuliza mbele yao, jambo ambalo sikupaswa kufanya. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli. Joy alishikwa na pumu, akakosa pumzi, ukiwa kwa hiyo mikutano yako. Ulitaka nimwangalie tu?"

Mchuuzi alifungasha akaondoka, lakini najua atatokea soko la Butali.

Nyumbani nilimwomba msamaha jikoni, akaendelea kusonga obusuma, ugali wetu, kama hajasikia. Nafundisha soko zima, na nyanya wa mtoto wangu mwenyewe sijawahi hata kumwonyesha dawa ya kuvuta ya Joy inavyotumiwa...

Baada ya kula alinijia. "Mama Joy, hebu nionyeshe hiyo inhela ya Joy inabonyezwanga aje."

Alikosea mara mbili. Ya tatu akaweza.