Salamu za Alfajiri

3 Machi

Shikamoo shangazi,

Naamini barua hii inakukuta na nafuu ya mgongo. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Mwezi wa pili huu wa ndoa, na bado mume wangu akirudi kutoka karakana yake ya baiskeli, mikono imejaa grisi, moyo unaniruka hata naona aibu. Juzi aliniletea kengele ya baiskeli. Baiskeli yenyewe sina. Akasema tuanze na kengele. Nilicheka mpaka nikatoa machozi.

Uliniuliza habari za masista wako watatu uliowatuma huku mtaani kwetu. Nyumba yao inatazamana na yetu. Chumba cha ushonaji kimekamilika, cherehani kumi na mbili, na tangazo mlangoni linakaribisha wanawake wa dini zote. Wiki ya tano sasa, hajaingia hata mmoja. Masista wanapangusa vumbi tu. Mimi ningeshaenda, maana natamani sana kushona, ila mama mkwe hataki nivuke barabara, na wanawake wa mtaa humsikiliza yeye. Nilidhani ni Uislamu wao na Ukatoliki wetu. Lakini mbona mimi kanipokea kama bintiye, na rozari yangu shingoni?

Mwanao, bi harusi

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Huyo mume wa kengele nampenda.

Kuhusu chumba, nimechoka. Tumeshusha msalaba ukutani, tumehamisha mafunzo ya Ijumaa yakawa Jumanne, na imamu mwenyewe ametutangazia. Bado hola. Baraza la shirika limenipa mwisho wa Aprili. Asipopatikana mwanafunzi, cherehani zinahamishwa. Muulize mama mkwe wako kwa adabu tumemkosea nini.

Shangazi yako

6 Aprili

Shikamoo shangazi,

Sisi wazima, na mume wangu kaanza kunenepa, sifa zote kwangu.

Nimeuliza. Mama mkwe aliendelea kumenya viazi, kisha akasema, "Mwaka mzima nafagia mlangoni alfajiri, wanapita kwenda kanisani, nawaambia hamjambo wanangu. Wanainamisha vichwa kama nimewatukana. Leo wanataka nikae nao chumba kimoja?"

Shangazi, ni ukimya mkuu! Kutoka sala ya usiku hadi baada ya chai, sista hasemi. Mimi niliyelelewa na wewe sikuwahi kufikiri kuna mtu asiyejua. Nikamweleza vizuri. Akaniuliza kama huyo Mungu wao ndiye anayewakataza kumwitikia yeye.

Waruhusu waitikie. Neno moja tu.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara tatu na jibu ni hapana. Ukimya huo ni kanuni, si kiburi. Nimeutunza miaka thelathini na moja. Alfajiri ile kaka yangu, baba yako, alipofariki, nilingoja hadi baada ya chai ndipo nikalia kwa sauti. Waeleze tena hao kina mama, taratibu.

Shangazi yako

29 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Leo lori limekuja. Limejaa kwa cherehani kumi, mbili watazifuata. Nimewaeleza kina mama tena na tena mpaka wananikimbia. Mume wangu kanishika mkono tukitazama, na ninavyompenda, hata hilo halikunisaidia.

Umeitaja siku ya baba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikuja kubisha mlangoni kwako alfajiri ile, ukanishika bega, hukusema kitu. Nilikaa kwenye benchi hadi mlipomaliza chai. Wakati huo sikuujua bado ukimya wenu, muda wote nilidhani nimekukosea.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Sikujua.

Nimewaandikia masista: anayesalimiwa aitikie, saa yoyote. Baraza litaniita, nami nitakwenda. Cherehani kumi siwezi kuzirudisha, zimeshagawiwa. Hizo mbili nimezuia zisichukuliwe.

Nisamehe lile benchi.

Shangazi yako

24 Mei

Shikamoo shangazi,

Nimekusamehe, na nilipomsomea mume wangu barua yako alikwenda kupenga kamasi nje akijifanya anatafuta spana.

Jumanne alfajiri mama mkwe aliwasalimu masista kama kawaida yake, bila hata kuwatazama. Yule mrefu akasimama. "Hatujambo, mama. Shikamoo."

Mama mkwe aliacha ufagio palepale, akaingia jikoni, akakaa hadi chai ikapoa. Mume wangu akanikonyeza nisimguse. Saa nne akavuka barabara na kitambaa kwapani, wanawake tisa nyuma yake, na mimi mkiani.

Watu kumi na mmoja, cherehani mbili. Kila siku ni foleni na ugomvi wa zamu, na mimi hata pindo moja sijamaliza. Mama mkwe amekasirika kwelikweli. Amenisimamia hapa nikiandika, anataka ujumbe wake ufike neno kwa neno: "Muulize huyo shangazi yako, hizo kumi aliziondoa kwa haraka ya nini?"

Mwanao